Mafuta Yanapita na Esansi

Isaka, 28 Aprili 2025

Mdogo wangu Umuhoza,

Assalaam aleikum. Habari za Kamembe? Kikohozi cha Maman kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mgongo umechakaa kwa kubeba vyuma vya reli. Simu yangu ilitumbukia kwenye zege na namba zote za watu, ndiyo maana nampa barua hii Cassien, dereva wa lori la mchele.

Nasikia unapeleka samaki wa sambaza sokoni kwa moto yangu, ile pikipiki ya zamani. Vizuri. Lakini hiyo si kama moto za siku hizi. Mafuta ya injini hayana mahali pake, unayachanganya na esansi, huku wanaiita petroli. Usinunue yale yanayopimwa kwenye chupa za maji, hayo ni ya malori, yatajaza masizi kwenye buji, isitoe cheche. Nunua kopo lililoandikwa 2T. Lita tano za esansi, desilita mbili za mafuta, tikisa kabla ya kumimina. Wakikucheka kwa moshi, waache wacheke.

Kaka yako,
Hamdani

Kamembe, 6 Mei

Kaka Hamdani,

Waaleikum salaam. Tuko wazima, Maman hakohoi tena, anakusalimu sana. Simu yangu nayo imeingia maji, haiwaki.

Nimefuata kila neno. Moto inawaka kwa teke moja. Pale wanapoegesha ba-motari wa kubeba abiria, Nsabimana alinipigia kelele: "We maman, unaendesha moto ao unachoma mahindi?" Nikamjibu: "Lete chumvi!" Wenzake walimcheka mpaka akaona haya. Sasa ni rafiki, na amenionyesha akili yao. Kwenye mteremko wanafunga robine, ile koki ya esansi, wanaacha gia imeingia, moto inashuka bure. Nimejaribu mara mbili kwenye viteremko vifupi vya hapa. Esansi inabaki kweli!

Jumamosi tarehe 17 nampakia Maman, tunashuka Gikundamvura kwenye ndoa ya binti wa shangazi. Mteremko wote ule sitachoma hata tone.

Dada yako,
Umuhoza

Isaka, 12 Mei

Umuhoza,

Salamu nitaandika siku nyingine. USIFUNGE ROBINE. Barua yako nimeisoma sasa hivi juu ya kokoto. Moto ya Nsabimana ina mafuta yake chini ya injini, hata akifunga esansi inajilainisha. Yetu, mafuta yanapita na esansi. Ukifunga, pistoni inasugua kavu, inapata joto, inang'ang'ania, na gurudumu la nyuma linakwama mkiwa mbioni. Acha robine wazi, na ukishuka uvute esansi kidogo kidogo.

Sikukuambia. Miaka minane nimeshuka hivyo, mkono ulifanya wenyewe, sikudhani ni kitu cha kufundisha. Nimeazima simu ya msimamizi. Namba niliyoikariri ni yako tu, na haipatikani. Cassien anaondoka leo, nimemwomba asilale njiani. Mpeleke Maman kwa basi. Tafadhali.

Kaka yako,
Hamdani

Kamembe, 21 Mei

Kaka Hamdani,

Waaleikum salaam, ingawa hukusalimu. Cassien amefika jana. Lori lilikaa siku nne mpakani.

Ilikuwa katikati ya mteremko. Moto ililia kidogo kama mbuzi, halafu gurudumu likakataa kuzunguka. Mimi niliangukia majanini. Nimevunjika mkono, ndiyo maana naandika kwa wa kushoto. Maman aliangukia mtaro wa mawe. Juzi wamemkata mguu wa kulia, juu ya goti. Yuko hai, anakula. Ninayaandika haya na bado naona kama ni habari ya watu wengine.

Leo asubuhi aliniuliza: "Hamdani alijua kama moto inaweza kufanya hivi?"

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema: "Hapana, Maman. Hakuna muntu aliyejua."

Akasema: "Basi ni Mungu." Akaomba uji, akanywa wote.

Barua nimeichoma jikoni. Ukija kumwona, ukimkuta ametulia, usimwombe msamaha.

Dada yako,
Umuhoza