Chumba cha Nyuma Hakina Mlango

Jumatano. Baridi kali tangu asubuhi, na upepo umejaza vumbi la kambi hii ya Dzaleka hadi kwenye vitufe vya laptop. Kichwa changu hakijatulia. Nina furaha ambayo si furaha, na hasira ambayo sijui nimpe nani.

Programu yangu ya kuchorea ramani za nyumba imepona. Kwa wiki mbili ilikuwa inajifunga yenyewe katikati ya kazi, bila kuaga, nami nabaki nimekodoa macho kama mtu aliyekatiwa simu. Sasa haijifungi tena. Ningepaswa kuwa nacheka.

Sicheki.

Nianze mwanzo, maana mimi mwenyewe nahitaji kuelewa. Vita vya nyumbani Kongo vimewaka tena, na mwezi uliopita jirani wa zamani alimpigia Mama simu kutoka Uvira kumwambia kwamba nyumba yetu haipo tena, umebaki msingi. Mimi siikumbuki. Tulipokimbia nilikuwa na miaka mitatu, nimebebwa mgongoni. Najua tu kwamba Baba alibaki ndani ya nyumba hiyo na hatukumwona tena. Miaka yote hii Mama hakuwahi kuizungumzia, na mimi nilijifunza kutouliza.

Baada ya ile simu nilimwomba anieleze nyumba ilivyokuwa, niichore. Akakubali. Nilishangaa hadi nikasahau kumshukuru.

Alitoa sharti moja: nisiandike kwenye karatasi. Tangu tumekuwa wakimbizi, watu wengi wamekaa mbele ya Mama na daftari, wakaandika maisha yake, kisha wakaondoka nayo. Kompyuta aliiruhusu kwa sababu aliona kuta zinasimama mbele ya macho yake.

Mama ni fundi cherehani. Nyumba ile haikumbuki kwa kuta, anaikumbuka kwa mapazia. Kila mlango na kila dirisha alilishonea pazia mwenyewe, kwa hiyo upana wake anao kichwani kwa sentimita, lakini ukuta ulio katikati anaukisia tu. Sisi wachoraji huanza na kuta, ndipo tunaweka madirisha. Safari hii niliweka madirisha yakielea hewani, halafu nikaanza kutafuta kuta za kuyashika.

Mara ya kwanza alizungumza kama anayepokea oda ya nguo. "Mulango ya salon, metre moja na makumi mbili. Dirisha ya cuisine, makumi munane. Weka." Nikaweka mlango wa sebule, nikaweka dirisha la jiko. Programu ikajifunga, na mimi sikuwa nimehifadhi kitu. Mchoraji mzima! Kuanzia siku ya pili nilihifadhi kila dakika, lakini faili lenyewe likawa linakataa kufunguka. Kila mara ikabidi nirudi kwa Mama kwa aibu, tuanze upya mlangoni.

Na kila alipoanza upya, nyumba ilibadilika. Jiko lilihama kutoka kushoto kwenda kulia. Mara ya pili nilijua kwamba Baba alilichukia pazia la njano la sebuleni. Mara ya tatu alikuwa amesimama kwenye dirisha la barabarani, anamwita mama muuza ndagala, dagaa wa kwetu, kwa jina la utani. Sikuwahi kumwona baba yangu amesimama. Siku hiyo nilimwona.

Ni chumba cha nyuma tu kilichobaki vilevile. "Dirisha, makumi sita. Basi." Kwamba Baba alibaki katika chumba hicho, aliniambia mara ile ya tatu, kwa sentensi moja, huku akitafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

Mara ya nne alipofika hapo hakusema basi. Alisema, "Na mulango yake..."

Programu ikajifunga.

Mama akaitazama kompyuta, akarudi kwenye cherehani yake. Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Jumatatu nikaibeba laptop hadi Biwi, kule Lilongwe, kwenye ofisi ndogo ninakochora ramani za maduka na uzio. Mwenzangu Chisomo alilifungua faili kwenye kompyuta yake yenye nguvu zaidi, akalipekua, akaanza kucheka. Kosa lilikuwa langu. Nilianzia kwenye faili la duka la Biwi ili nitumie milango yake iliyokwisha kuchorwa. Halafu nikatafuta Uvira kwenye ramani ya simu, nikaiweka nyumba yetu mahali pake hasa duniani. Sikutaka ikae popote pengine. Kwa hiyo laptop hii kuukuu ilikuwa inabeba Biwi na Uvira kwenye mchoro mmoja, na kila kitu kilichoko katikati. Chisomo aliuliza kama nachora nyumba au nachora bara zima. Akalifuta duka, akaivuta nyumba hadi kwenye sifuri, pale vipimo vya mchoro vinapoanzia, mahali ambapo si Malawi wala Kongo. Ikatulia.

Jana tulimaliza kwa saa moja. Mama alitaja vipimo harakaharaka, bila pazia la njano, bila ndagala. Chumba cha nyuma: "Dirisha, makumi sita. Basi. Imeisha?" Nikasema imeisha. Nikakitazama kile chumba. Kina kuta nne na dirisha moja. Hakina mlango. Sikuthubutu kuuliza.

Leo asubuhi, akitia uzi kwenye sindano, akaniuliza bila kuniangalia: "Riziki, ile machine yako haiyakufa tena?"

"Hapana, Mama. Imepona."

"Ah bon." Akakanyaga cherehani. Baada ya muda akaongeza, "Ilikuwa inakufa sana, ile."

Nilidhani ananipongeza. Nimefua nguo, nimepika nsima, nimekula nusu, na ndipo nikaisikia vizuri sauti yake. Hakuwa ananipongeza.

Sasa sijui. Labda alikuwa amechoka kurudia na mimi najidanganya. Labda nimekitengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Nimelaani programu wiki mbili nzima, kumbe ndiyo iliyokuwa inamrudisha mlangoni, na kila mara anaingia hatua moja zaidi.

Alasiri hii, Mama akiwa sokoni, nimelifungua faili. Nimelirudisha duka la Biwi. Nimeishika nyumba nzima, nikairudisha Uvira, mahali pake. Nimehifadhi. Nimesubiri.

Imejifunga.

Sijawahi kumficha Mama jambo, na sijui hili niliite nini. Lakini asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, nitamwambia imekufa, tuanze tena na mlango wa sebule. Na akifika chumba cha nyuma, nitaondoa mikono yangu kwenye vitufe, nimsikilize.