Mashine ya Shamba la Chini

Kwako kitinda mimba wetu,

Sisi ni wazima, na ng'ombe ni wazima kutushinda. Nimenunua mashine ya kupandia mahindi, iliyokwishatumika. Fundi wa matrekta alinionyesha mbili. Ya kwanza imepakwa rangi, inang'aa kama bwana harusi, lakini nilipozungusha gurudumu kwa mkono haikudondosha hata mbegu moja. Nikakukumbuka. Ya pili ina kutu na hapa na pale inaruka shimo. Nikachukua hiyo. Mahindi haya hayavunwi. Majira ya baridi ng'ombe wataingia wenyewe wayale yakiwa yamesimama, na ng'ombe hawakagui mistari.

Nimepanda shamba la chini. Ndiyo, palepale ulipojenga msingi wa nyumba yako. Mawe niliyang'oa kwanza, yasije yakanivunjia mashine. Kwenye chumba chako cha kulala mahindi yameota vizuri kuliko kote.

Kila ukipiga simu unauliza kama Mama alikutaja kabla hajafa. Shangazi anazungukazunguka, eti usiumie. Mimi sizunguki. Muda wote alipokuwa akiugua ulituambia uko njiani, naye akaacha kutazama mlango. Jioni ile aliyokufa alifumbua macho, akanishika mkono.

"Ng'ombe wamekula?"

"Wamekula, Mama."

Akafumba macho. Wewe hakukuulizia.

Ni mimi dada yako,
niliyebaki.