Sikio la Kushoto

Mdogo wangu kipenzi,

Cherehani haijambo, na mwenyewe sijambo kiasi. Jana mpimaji wa masikio alinisomea maneno, sikio moja moja. La kulia, lenye kifaa cha kusikia, lilipata karibu yote. La kushoto lilisikia sauti vizuri tu, lakini maana hola, kama watu wanaoongea chumba cha pili!

Mpimaji akaniambia, "Dada, hili umeliacha bila kazi miaka sita. Limesahau maneno."

Ajabu, eti? Nalo litavalishwa kifaa, tuone kama litajifunza upya.

Ila simu ikigusa kifaa hupiga mluzi, kwa hiyo wewe nakusikilizia kushoto. Mwezi uliopita nilisikia unalia. Niliona aibu kuuliza, nikaitikia, "Sawa, sawa."

Niandikie upesi: nilikubali nini?

Dada yako, mshonaji