Kutu Kwenye Tangi la Baba

Jumamosi, Agosti 1996

Hata sabuni ya unga haijatoa hii harufu ya petroli mikononi.

Leo tumeshusha tangi la pikapu ya Baba. Tulitia mafuta ya taa na kipande cha mnyororo, tukalitikisa mpaka mabega yakauma. Kutu ilimwagika nzito kama uji wa wimbi.

Miezi yote aliyolala hospitali Thika nilimwambia, "Ndiyo Baba, naiwasha kila Jumapili." Sikuiwasha hata mara moja, ikakaa tu mpaka tangi likaota kutu.

Leo ameangalia ule uchafu akasema, "Si makosa yako, Wambui. Yule jamaa wa pampu kule Ruiru alituuzia petroli chafu." Nami nikaitikia, eti ndiyo.

Kesho anaenda kumgombeza. Mimi ndiye nitakayemwendesha.