Gesi ya Kariuki

Jumatatu, 4 Agosti

Fundi Mwangi aling'oa jiko la zamani leo. Mimi ndiye niliyetaka kuona nyuma yake. Mafuta ya miaka tisa, yameganda rangi ya nta ya masikio. Mende waliokufa na mende wazima. Panya mmoja mkavu, bapa kabisa. Nimesugua tangu saa nane mchana na mikono bado inanuka.

Kazi yangu kiwandani Thika ni kunusa na kuonja juisi kabla haijafungwa. Nikisema pipa limeharibika, linamwagwa, hakuna anayebishana nami. Kisha nakuja nyumbani kupika mbele ya panya. Aibu.

Kaunta mpya ni ya graniti. Mwangi anaikata Ijumaa na anataka jibu kabla ya hapo: shimo la jiko la gesi ama la induction, lile la stima. Vipimo havifanani, na jiwe likishakatwa limekatwa. Mume wangu, Baba Muthoni, alisema gesi bila kuinua macho kwenye simu. Mdogo wake Kariuki anauza gesi Mugutha, hutuletea hadi mlangoni hapa Membley kwa bei ya ndugu. Mama yao, tunayemwita Cucu, nyanya wa Muthoni, pia anasema gesi. Cucu anaishi nasi tangu ahame Theta mwaka jana. Hataki kupikia kitu ambacho hajui kama kimewaka.

Mimi sijui. Nataka tu kitu nitakachopanguza kwa kitambaa mara moja kikaisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nilipita duka la vyombo hapa Ruiru nikitoka kazini. Msichana wa duka aliweka sufuria ya maji kwenye induction, akaweka na karatasi katikati. Maji yalichemka, karatasi haikuungua. Kioo juu, hakuna pembe za kufichia uchafu. Nililitamani jiko hilo.

Alinipa sumaku, akasema sufuria isiyoishika haipati moto, nikajaribu zangu nyumbani. Zilizoshika ni mbili. Hizo nyingine zote, pamoja na ile kubwa ya githeri aliyokuja nayo Cucu, hazifai. Baba Muthoni alicheka. Halafu akauliza stima ikipotea siku nzima tutakula nini. Ana haki hapo. Wiki iliyopita ilipotea mara mbili.

Kwa sasa tunapika kwenye veranda ya nyuma, ile iliyofungwa vioo, kwa meko, mtungi mdogo wenye jiko juu. Wa Kariuki pia. Moto wake ni wa manjano na unaacha masizi kwenye sufuria. Hata jiko la zamani liliwaka hivyo kwa miezi. Nikadhani ni jiko kuzeeka.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika ili nitulie.

Mashine iliharibika kiwandani, tukaachiliwa saa saba. Nilipofungua mlango wa jikoni harufu ilinipiga usoni. Gesi, nzito, ya kukwaruza koo. Mlango wa veranda ulikuwa umefungwa. Niliufungua. Cucu alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya meko, bakuli la minji, zile njegere za kumenya, mapajani. Uji ulikuwa umefura ukamwagika ukazima moto, na gesi ilikuwa inatoka tu. Alikuwa ameshika kiberiti. Kijiti kilikuwa tayari kwenye vidole.

Sikupiga kelele. Niliushika ule mkono. Nilifunga gesi, nikafungua madirisha yote, nikamtoa nje hadi kwenye kamba ya nguo.

"Kwani kuna nini, Mama Muthoni?" akaniuliza. "Moto umezimika tu. Nilikuwa nauwasha."

Hakusikia harufu yoyote. Hata pale nje, nguo zake zikinuka gesi, aliinusa kanga akaniambia ni sabuni.

Niliuburuta mtungi hadi mwisho wa ua. Hata ukiwa umefungwa, ulikuwa unavuja. Nilipaka povu la sabuni shingoni. Mapovu yakaja makubwa, moja baada ya jingine. Mpira wa ndani umekatika. Mtungi uliletwa Jumamosi.

Nilinawa mikono mara tatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikwenda kazini. Nilikwenda Mugutha bila kupiga simu.

Duka la Kariuki liko chini ya ploti ya ghorofa tatu, nyumba za kupanga. Mbele ni safi, mitungi imepangwa kwa rangi. Hakuwa mbele. Nilizunguka nyuma nikifuata pua. Ni bafu. Bafu la ploti, lenye vigae na shimo la maji. Mitungi mikubwa imening'inizwa kichwa chini kwa minyororo, midogo ya kujazwa iko chini, katikati ni mipira ya kupitishia gesi iliyofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mipira imeshika barafu na inadondosha. Sakafu inateleza kwa mafuta meusi yanayotoka ndani ya mitungi, yamechanganyika na maji machafu ya shimo lililoziba. Kwenye ndoo ya maji moto, sili za plastiki za vichwa vya mitungi zinaelea zikilainika, tayari kuvikwa tena kama mpya. Juu ya yote haya, kwenye balkoni, nepi zimeanikwa.

Kariuki alikuwa anakula chapati. Hapo ndani. Kwa mkono uleule anaojazia.

Nilimuuliza kama hii ndiyo gesi anayomletea mamake. Alifuta mdomo.

"Gesi ni gesi, Mama Muthoni. Kila mtu hapa anajaza hivi. Na hiyo bei mmeifurahia miaka mitatu, sijasikia mkiuliza inatoka wapi."

Kilichonichukiza zaidi ni kwamba hilo la mwisho ni kweli. Sijawahi kuuliza. Nilipenda bei.

Mwangi alinipigia nikiwa barabarani. Alikuwa ameshawasha mashine ya kukata. Gesi ama stima? Nikamwambia stima. Sikumuuliza mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba Muthoni alijua.

Si kila kitu, anasema. Alijua Kariuki "anajijazia". Hakujua ni bafuni. Anasema kama angejua ni bafuni angezungumza naye. Nilimtazama akila mayai aliyonunua kibandani na nikaona midomo miwili inayofanana, wake na wa nduguye. Nimemwambia hivyo.

Analalamika kwamba niliamua juu ya kaunta peke yangu. Ni kweli pia. Ningeamua tena.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nilimweleza Cucu yote, Baba Muthoni akiwepo. Nilitarajia amtetee Kariuki. Kitinda mimba wake. Alisikiliza akiwa ameshika Biblia mapajani, halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Hanusi. Miaka miwili sasa, tangu ile homa iliyomlaza Theta. Chai, samadi, sabuni, kwake vyote ni sawa. Ng'ombe wake wa mwisho alioza kidonda na yeye hakujua hadi jirani alipomwambia. Alitunyamazia kwa sababu aliogopa tungemtoa jikoni.

"Mkinitoa jikoni, nitakuwa naketi hapa nifanye nini?" alisema. Alikuwa akisema na mwanawe, si mimi.

Mwaka mzima nimekaa naye. Mimi, wa pua. Mara mbili aliniwekea maziwa yaliyochacha kwenye chai, nikamwaga kisirisiri nikijiambia mama wa watu ni mchafu. Nilimdharau kimoyomoyo kwa mwaka mzima. Leo kinyaa ni changu mwenyewe.

Baba Muthoni alitoka nje akakaa kwenye gari, mlango wazi.

Jumanne, 12 Agosti

Cucu alivaa nguo ya kanisani akataka kupelekwa Mugutha. Baba Muthoni ndiye aliyempeleka. Mimi nilikaa kiti cha nyuma.

Cucu alimkuta Kariuki mbele ya duka akihudumia wanawake wawili. Hakupandisha sauti. Aliwaambia wale wanawake warudishe mitungi yao na waende kwingine, kwa sababu gesi hii nusura imuue yeye, mama wa Kariuki. Kisha akamgeukia: "Funga leo. Kuna watoto juu." Kariuki alisema ndiyo, mami. Ndiyo, mami, mara tano ama sita, akiangalia viatu vyake. Alivuta mlango wa bafu akatia kufuli tukiona.

Njiani kurudi Cucu aliomba tununue ndizi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mwanamke mmoja wa ile ploti alichukua namba yangu Jumanne. Leo amepiga. Pikapu ya mitungi inaingia kwa geti la nyuma. Kufuli iko mlangoni, lakini wametoboa mlango mwingine upande wa pili.

Siku mbili. Aliweza siku mbili.

Nilitaka kupiga simu polisi nikashindwa kubonyeza. Ni shemeji yangu. Alibeba jeneza la babangu. Niliporudi ndani Cucu alinisoma usoni, akauliza, nikasema. Alichuna uzi kwenye sweta.

"Nibonyezee hizo namba," alisema.

Aliongea mwenyewe. Alitaja majina ya mwanawe yote matatu, ploti, mlango wa pili. Alipoulizwa yeye ni nani alisema mama yake mzazi. Upande ule walimwomba arudie. Alirudia.

Baba Muthoni alisimama mlangoni akasikia yote. Hakumzuia. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilivumilia kumwangalia.

Jumatano, 20 Agosti

Polisi walibeba mitungi yote. Kariuki alikaa ndani siku tatu, ametoka kwa dhamana. Kesi itasikilizwa. Mwenye ploti amemfukuza. Watu wa kanisa wanasema Cucu amemroga mwanawe. Wajinga.

Kaunta imewekwa. Induction iko mahali pake, nyeusi, inang'aa. Ilifanya kazi dakika arobaini, stima ikapotea hadi jioni. Tulikula mkate na ndizi. Baba Muthoni hakusema lolote na nilimchukia kidogo kwa jinsi alivyokuwa hasemi. Kesho tunanunua jiko la makaa la kuweka nje kwa siku kama hizi. Mtungi wa gesi hauingii humu tena, hata wa duka halali. Najua kuna gesi nzuri. Sitaki.

Cucu anaogopa kile kioo. Anakigusa kwa kidole kimoja. Nimembandikia kipande cha plasta kwenye kitufe cha kuwasha na vipande viwili kwenye cha kuzima.

Jumapili, 24 Agosti

Cucu alipika peke yake leo. Mchele na minji, sufuria mpya. Chini kulishika kidogo. Alinionjesha chumvi, nikamwambia iongezwe, akaongeza.

Kariuki alikuja saa saba. Alisimama getini kama mgeni. Amekonda. Anapakia mawe kwenye malori huko Juja siku hizi, kwa malipo ya kutwa. Baba Muthoni alikwenda kumfungulia. Walisalimiana kwa mkono, basi.

Cucu alimpakulia kwanza. Kariuki alikula ameinama. Hakuna aliyetaja Mugutha. Alipomaliza Cucu alimuuliza kama ameshiba, akasema hapana, akaongezewa.

Sijamsamehe. Nilitazama mikono yake kwenye sahani muda wote na sikuweza kumaliza chakula changu. Lakini aliosha sahani yake mwenyewe, na ya mamake, akazikausha, akauliza zinakaa wapi.

Nilimwonyesha kabati.

Mvua ilianza saa kumi. Nilianua nguo.