Kompyuta Ilikataa, Nikakusingizia Wewe

Chanelle,

Maharage yako jikoni, ongeza chumvi. Hii kompyuta yenye Linux mpya usiizime. Skrini ikijifunga na kukataa neno la siri, angalia kona ya chini: ukiona EN, bonyeza, chagua FR.

Ndiyo iliyokuwa shida ya asubuhi. Mitihani ya wanafunzi wangu ilikuwa imefungiwa humo, saa zinakimbia, nikapandwa na hasira, nikadai umebadilisha neno la siri. Ulisema, "Apana Mama, mi sijagusa mot de passe." Nikakuita mwongo.

Ulipotoka unalia nikabonyeza alama ya jicho nione ninachoandika. Kila a ilikuwa inatoka q! Clavier, yaani kibodi, ilikuwa imejigeuza ya Kiingereza badala ya Kifaransa.

Nakimbia mtaa wa Rohero kuchapisha mitihani.

~~Usimwambie Baba.~~ Baba nitamwambia mwenyewe kwamba kosa halikuwa lako, nawe uwepo. Nilikuvunjia heshima mbele yake. Msamaha nitauomba hapohapo.

Mama