Utangulizi Mmoja wa Watu Watano

Baba,

Lile somo lako la kuandika insha kwa Kiingereza sasa ninalifundisha mimi. Chuo kilinikabidhi wiki mbili baada ya kukuzika, nikakubali kabla sijajiuliza kama ninaliweza. Wanafunzi ni walewale wa mbali wanaosomea makwao, wa Muhuta, wa Bugarama, wa Gatete. Wanaandika kwenye karatasi, wanaipiga picha kwa simu, wananitumia. Picha za Gatete bado zinakuja na madoa ya mawese. Ungezijua hata bila jina.

Nikuambie kilichonipata mwezi wa kwanza. Wanafunzi watano wa Gatete walituma insha zenye utangulizi mmoja, neno kwa neno. Damu ilinichemka. Nikaweka sufuri tano, na barua ya kuwashtaki chuoni ikawa tayari; ingewapotezea mwaka mzima. Unazijua hasira zangu, umezilea mwenyewe.

Ndipo nikafungua daftari lako la alama nione ulikuwa unawafanyaje watu wa namna hiyo. Hakuna sufuri hata moja, Baba. Pembeni ya kila alama mbaya umeandika neno moja kwa penseli: "nimempigia". Na mimi nilikuwa nikikucheka, nikisema mwalimu wa chuo kikuu hakimbizani na wanafunzi kwa simu. Ulikuwa unanijibu, "Karatasi nimeisoma, sasa nataka kumsikia mwenyewe."

Nikampigia Mama Kezia, mkubwa wao, yule aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na watoto wanne. Nikamuuliza kwa nini utangulizi wao ni mmoja; hakushtuka hata kidogo. "Madamu, tuko batano. Mukubwa ndiye anafungua maneno kwa bote. Tungekusalimia mara tano?"

Kumbe walifanya kama kwenye posa, msemaji mmoja anatoa salamu za ukoo, kisha wengine wanaingia kwenye habari. Kuanzia aya ya pili kila mmoja alikuwa ameandika ya kwake. Nami, kwa hasira, sikuwa nimesoma aya ya pili ya yeyote. Nilicheka, halafu nikalia, kwa sababu mtu niliyetaka kumsimulia ni wewe.

Barua niliichana. Nikawaeleza kwamba kwenye insha kila mtu anajisemea tangu mstari wa kwanza. Wakaandika upya. Wamefaulu wote watano, Baba, na insha ya Mama Kezia imesomwa mbele ya walimu kule Bujumbura. Inaanza na wewe, mwalimu aliyempigia simu wiki ile yeye alipokuwa ameamua kuacha masomo. Hukuwahi kunisimulia. Walimu walipouliza huyo mwalimu ni nani, nilisimama nikasema ni baba yangu.

Pumzika sasa. Nakuahidi sitampa mtu sufuri kabla sijamsikia. Daftari lako bado lina kurasa, ninaendelea nalo. Kwenye mstari wa Mama Kezia, chini ya neno lako, nimeandika kwa penseli: "nami nimempigia".

Mwanao,
Consolate